Anayemsoma Dada

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalimpata dada yangu wa tumbo moja, nikiwa nimekaa naye chumba kimoja.

Dada alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilikuwa duka lake: mashine mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu cha wateja, na dirisha pana linalotazama barabara. Lakini mtaani hawakumwita fundi. Walimwita Miwani, maana alikuwa msomaji wa kupitiliza. Kitabu alikibana kwa mkasi mzito kisijifunge, akala huku anasoma, akapiga pasi huku anasoma. Siku moja alimshonea mtu suruali yenye mifuko miwili upande mmoja, kisa alikuwa amefika pazuri kwenye hadithi. Mteja aliitazama ile suruali, akaishia kuuliza kitabu kinaitwaje.

Kila Jumamosi asubuhi alikwenda maktaba, akarudisha vitabu vitatu, akaazima vitatu vingine. Na alikuwa na daftari lake la jalada gumu. Humo aliandika kila kitabu: siku aliyokifungua, ukurasa aliofika, na sentensi moja iliyomkaa moyoni. Mimi, mdogo wake, ni mwalimu wa darasa la tatu. Nilikuwa nikimtania kwamba anachukua mahudhurio ya vitabu kama mimi ninavyochukua ya watoto.

Jumamosi moja alirudi na kitabu kikuukuu cha jalada la kijivu. Hadithi yenyewe ilikuwa ya kawaida, ya mjane na shamba lake. Kilichomvutia ni pembezoni mwa kurasa. Mtu alikuwa ameandika humo kwa penseli, mwandiko mdogo ulioinama upande mmoja. "Hapa nilicheka." "Huyu muongo." "Rudia hapa." Dada alifurahi kama aliyepata shoga mpya.

Alipofika ukurasa wa sitini na mbili alinionyesha. Penseli ilikuwa imeandika: "Na wewe, huwa unasomea wapi?"

Dada hakuwahi kutia hata nukta kwenye kitabu cha maktaba. Siku ile alichomoa penseli nyuma ya sikio, akaandika chini yake: "Dirishani, chumba cha mbele. Karibu."

"Umemkaribisha nani?" nikamuuliza.

"Msomaji mwenzangu," akasema, akafunua ukurasa.

Kitabu kikarudishwa maktaba. Jumanne iliyofuata, mchana wa jua kali, niliingia kutoka shuleni nikamkuta amesimama katikati ya chumba, daftari lake limefunguka mezani.

"Njoo uone," alisema taratibu. "Usimwite Mama."

Chini ya maneno yake ya mwisho kulikuwa na maneno mengine. Mwandiko mdogo. Umeinama upande mmoja.

"Nimeanza leo. Amekaa dirishani. Mwanzo wake ni mzuri: ana miaka minne na anaogopa kuku."

Nilidhani ni utani wa mteja. Nikamtazama Dada ili tucheke pamoja. Hakucheka. Kuku ndio waliomtisha utotoni, kabla mimi sijazaliwa, na aibu ile hakuwahi kumwambia mtu nje ya nyumba.

Jumatano: "Ukurasa wa thelathini. Baba yake amekufa. Hapa nimerudia mara mbili."

Alhamisi: "Ana barua aliyoificha. Bado sijamwambia mtu."

Sikumuuliza ni barua gani. Nilimwona tu akiweka mkono kifuani.

Kisha akaanza kushtuka. Mashine inaenda, mguu uko kwenye pedali, ghafla anasimama kama aliyeguswa. "Kanifunua," alininong'oneza mara ya kwanza. Nilimgusa bega. Blauzi ilikuwa na unyevu mahali padogo, kiasi cha kidole gumba. Kama pale mtu anapolamba kidole ili afunue ukurasa.

Tulifanya tulichoweza. Dada aliacha kuandika. Daftari nikalifungia sandukuni, ufunguo nikauvaa shingoni; maneno yakaongezeka vilevile. Nikalichoma jikoni, karatasi moja moja, mpaka likawa majivu. Asubuhi yake maneno yalikuwa kwenye daftari la vipimo vya wateja, kati ya kiuno na urefu wa mkono: "Ukurasa wa mia na tisa. Wamechoma kitu. Moshi wake unaniumiza macho."

Ikabidi Mama aambiwe. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa chini pale pale mlangoni, viatu bado mguuni.

Jumamosi tulikwenda maktaba, mimi na Dada. Mkutubi ni mzee mpole. Anamjua Dada tangu akiwa msichana wa shule. Alikwenda kwenye rafu, akarudi na kile kitabu cha kijivu. Tukafungua ukurasa wa sitini na mbili.

Mweupe. Hakuna penseli. Hata jibu la Dada halikuwepo.

Mkutubi alitazama kitabu, akamtazama Dada, akashusha sauti. "Ulimjibu?"

Dada akaitikia kwa kichwa.

Mzee alikisukuma kitabu mbali kwa ncha ya kalamu. "Sina dawa, wanangu," alisema. "Msimwache peke yake. Hilo tu ndilo naweza kuwaambia."

Basi hatukumwacha. Niliomba ruhusa shuleni. Shangazi akaja na godoro lake. Tulifunga dirisha, tukashusha pazia, tukamweka Dada katikati ya chumba, na sisi pembeni yake kama uzio. Majirani waliingia kwa zamu. Tulisali. Tuliongea kwa sauti, habari za maji, za watoto, za bei ya vitambaa, ilimradi kusiwe na kimya. Dada alijaribu hata kututania. "Mmenizunguka utafikiri nimeiba," alisema.

Siku mbili hayakuandikwa maneno yoyote. Mama alianza kula.

Siku ya tatu nilifungua daftari la vipimo.

"Kelele nyingi. Wanasimama kati yangu naye. Siwezi kusoma hivi."

Na chini yake:

"Nimeomba nimwazime. Nitamsomea kwangu."

Niliwaambia wote watoke, wabaki Mama na Dada tu. Nilifungua dirisha, nikapiga magoti chini yake, nikaiomba barabara tupu msamaha. Nikasema tumekosea, njoo, kaa, soma hapa hapa, hatutakusumbua. Mtu aliyekuwa anapita na baiskeli aligeuza shingo kunitazama, akaongeza mwendo.

Ilikuwa saa tisa mchana. Mama alikuwa ameushika mkono wa kushoto wa Dada, mimi nikarudi nikaushika wa kulia. Jua lilijaa chumbani.

"Gauni la mama wa duka la dawa," Dada alisema, "limebaki upindo tu. Usilishone kwa mashine. Shona kwa mkono."

"Utalishona mwenyewe," Mama akasema.

"Mama." Sauti ilikuwa ndogo. "Anakifunga."

Mkono ulibaki mkononi mwangu. Ulikuwa wa moto. Ulikuwa na sugu ile ile ya mkasi. Macho yalikuwa wazi, kifua kinapanda na kushuka. Nilimwita kwa jina lake, kisha kwa jina la utani, kisha kwa jina ambalo Baba alikuwa akimwita. Mama alimtikisa. Miwani yake ikaanguka, na Dada hakuinama kuiokota.

Daktari alimpima kila kitu. Damu safi, moyo mzima, kichwa hakina kasoro. Alituambia tusubiri. Hakutuambia tusubiri nini.

Siku ya nne Mama alikuwa anamwogesha, akaniita. Katikati ya mabega ya Dada kulikuwa na tarakimu ndogo za rangi ya zambarau, zimepangwa sawasawa, kama tarehe ambayo wakutubi hugonga nyuma ya kitabu ili ujue siku ya kukirudisha. Tulisugua kwa sabuni. Tulisugua kwa ndimu. Ngozi ikawa nyekundu, tarakimu zikabaki.

Tarehe ilikuwa ya wiki saba mbele.

Mama alizihesabu siku zile moja moja, akizitia alama ukutani kwa chaki niliyomletea kutoka shuleni. Ilipofika, alimvalisha Dada gauni la bluu, akamchana nywele, akamvisha miwani, akamkalisha dirishani, pazia wazi. Tulikaa tangu alfajiri. Watu walipita barabarani. Jua lilisogea kutoka kwenye mashine ya kwanza hadi ya pili, likaondoka. Mama alisema labda saa zao si kama zetu.

Asubuhi yake Mama hakuweza kuamka kitandani, nikamwogesha Dada mwenyewe. Chini ya tarehe ya kwanza ilikuwepo ya pili. Niliigusa. Wino ulikuwa bado mbichi, ukanitia rangi kidoleni.

Nikasikia Mama anakokota miguu kuja. Nikamvalisha Dada blauzi haraka, nikafunga vifungo vyote.