Ndama Aliyemjua Mtu Mmoja

Kila Jumamosi Nosim alikuwa akifua nguo zake, anaanika, kisha anatoka hosteli ya chuo cha ufundi pale Karatu kwenda kwenye shule ya sekondari aliyomaliza mwaka uliopita. Wenzake walishaisahau shule. Yeye alirudi kwa ajili ya klabu ya roboti.

Roboti yao iliitwa Ndama, maana ilitembea kama ndama aliyezaliwa jana. Kazi yake ilikuwa kuchambua vitunguu vya Mang'ola: vikubwa kushoto, vidogo kulia. Ilikuwa na ukaidi wa kuwatosha punda watatu na mwingine ukabaki. Ikigoma, wanafunzi walirudi nyuma, Nosim akaigusa mahali, ikaenda. Hakuwaonyesha ameigusa wapi. Kuitwa fundi ni kutamu, jamani!

Alhamisi, tangazo likabandikwa chuoni: mtihani wa umeme ni Jumamosi asubuhi, na atakayeukosa hataendelea mwaka wa pili. Asubuhi hiyo hiyo Ndama angeonyeshwa mbele ya waamuzi kwenye maonyesho ya klabu za shule.

Simu ikalia. Alikuwa Goodness wa Kidato cha Pili, kiongozi wa klabu, akitumia simu ya mama yake.

"Dada Nosim, Jumamosi utakuwepo, sivyo? Bila wewe tumekwisha!"

"Nitakuwepo," Nosim akajibu. Magoti yakaanza kugongana kwa kishindo, hata jirani akadhani mtu anatwanga mahindi.

Hofu ikamganda. Alipofungua daftari, herufi zilitawanyika kama mbuzi walioona fisi. Akapanga kudanganya chuoni kwamba anaumwa. Kisha akaogopa uongo wenyewe.

Ijumaa mchana akaenda sokoni kwa mama yake, Nanyokie, anayeuza maziwa.

"Mbona unatetemeka, mwanangu?"

"Yeyo, mama yangu, natakiwa mahali pawili kwa wakati mmoja." Akaeleza yote.

Nanyokie akafunika kibuyu. "Ulipokwenda shule, mbuzi ulimwachia nani?"

"Mdogo wangu Simel."

"Ulimtupia fimbo tu ukaondoka?"

"Hapana! Nilimwonyesha mmoja mmoja. Huyu hutoroka, huyu hanyonyeshi mtoto wake, huyu akikohoa mtazame."

"Na huyo ndama wenu wa betri, umemwonyesha nani?"

Nosim akaaga. Akaenda shuleni mbio, akawakuta wanafunzi wa klabu darasani.

"Kesho sitakuja," aliwaambia. "Nina mtihani. Nilijua tangu jana."

"Kwa hiyo ulinidanganya?" Goodness akauliza, machozi yakimlenga.

"Ndiyo. Niliogopa kukuangusha. Nisamehe."

"Nitakusamehe baadaye. Sasa tuonyeshe huwa unagusa wapi!"

Akawaonyesha kila tabia ya Ndama: waya unaolegea, gurudumu linalovuta kushoto, jicho linalopofuka kwa vumbi. Kila mwanafunzi akajaribu kwa mkono wake mwenyewe mpaka akaweza.

Jumamosi Nosim akaingia mtihanini. Kwenye maonyesho, Ndama akasimama katikati ya vitunguu. Waamuzi wakatazamana. Goodness akafuta lile jicho kwa pindo la sketi. Ndama akaguna, akaendelea hadi kitunguu cha mwisho.

Nosim alifaulu. Goodness akamwambia, "Dada, sasa uje mara moja kwa mwezi. Siku nyingine soma. Tukikwama tutakupigia."

Jumamosi iliyofuata Nosim alisomea nyumbani kwa mama yake, akiitazama simu kila mara.

"Haijalia, Yeyo. Au hawanihitaji tena?"

Nanyokie akacheka. "Ungewaambia ukweli mapema, usingekonda hivyo. Na wewe ulikuwa unawafanyia kazi ukidhani unawafundisha. Leo simu iko kimya, mwanangu. Ujue umefundisha."