Kiti Kimoja cha Mbele

Mama aliporudi kutoka kazini asubuhi, Kidole hakuhitaji kuambiwa la kufanya. Alimvua buti, akamletea beseni la maji ya uvuguvugu, akaiweka miguu yake ndani, kisha akaenda kuchemsha chai. Maongezi yalingoja. Mama alikuwa fundi wa lifti, na lifti zina tabia ya kuharibika wakati watu wengine wamelala.

Jina la Kidole alipewa na mama mwenyewe. Alipokuwa mdogo, kila alipopelekwa kazini alibonyeza vitufe vyote vya lifti mpaka abiria wakaanza kugomba. Jina likamganda. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hata mwalimu wake wa darasa alimwita hivyo.

Asubuhi hiyo mama alikuwa hoi. Lifti ya hospitali ilikwama na mgonjwa ndani, na baada ya kumtoa, mafundi walikesha wakiitengeneza. Asubuhi hiyohiyo ndiyo ilikuwa ya safari.

"Sasa utalala saa ngapi, mama?"

"Kwenye ndege," mama akajibu, akiwa amefumba macho. "Si ndiyo kazi ya zile pointi?"

Kwa miaka mingi kampuni ilikuwa ikimtuma mama nchi za mbali kufunga lifti. Kila aliposafiri, shirika la ndege lilimwekea pointi kulingana na urefu wa safari. Pointi zikiwa nyingi, abiria anaweza kuzitumia kupandishwa daraja. Anatoka kwenye viti vya kawaida vya nyuma, anakwenda kukaa mbele, daraja la biashara, ambako kiti kinalazwa kikawa kitanda. Wenzake mama walizimaliza zao mapema. Yeye hakuzigusa. Alisema zitamfaa siku atakapozihitaji kweli.

Siku yenyewe ndiyo hii. Wakitua tu, alasiri, mama angekwenda kufanya mtihani wa vitendo wa wakaguzi wa lifti. Akifaulu, angepata kazi ya ukaguzi mjini kwao, awe anatoka asubuhi na kurudi jioni kama wazazi wengine. Akishindwa, safari zingeendelea, na Kidole angeendelea kulala kwa majirani. Safari hii alichukuliwa kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na mjomba wake aliishi huko waendako.

Pointi zilitosha kiti kimoja tu. Kidole alilijua hilo. Tatizo ni kwamba shuleni alikuwa ameshatangaza mambo mengine.

"Wewe, daraja la biashara?" Mapengo, rafiki yake, alimcheka mbele ya darasa zima. "Labda unakwenda kupiga deki."

"Utaona."

"Lete picha. Usipoleta, mwaka mzima tunakuita Deki."

Basi walipofika uwanja wa ndege, Kidole akajikunja mbele ya kaunta na kushika tumbo.

"Nini tena?" mama akauliza.

"Tumbo, mama. Linakata. Sijui kama nitaweza kukaa wima safari nzima."

Mama alimwekea mkono kwenye paji la uso. Akamtazama binti yake, kisha akaitazama kadi yake ya kupandia ndege. Akageukia kaunta.

"Dada, hiki kiti cha mbele naweza kumpa mwanangu? Anaumwa."

"Pointi ni zako, mama. Mradi tubadilishe majina kabla hamjapanda," karani akasema. "Lakini wewe mwenyewe unaonekana..."

"Badilisha tu."

Kidole alimtazama karani akibadilisha majina. Angeweza kusema neno pale pale. Akaipokea kadi ya kiti cha mbele.

Huko mbele kulikuwa kimya, na hewa ilikuwa na harufu ya sabuni nzuri. Kiti kilikuwa kipana kuliko kitanda chake cha nyumbani, na vitufe vilikuwa vingi ajabu. Akakilaza, akakiinua, akanyoosha miguu, akaikunja, akabonyeza kingine na taa ikammulika usoni. Mzee wa kiti cha jirani akashusha gazeti.

"Mjukuu wangu, unakiendesha wewe au rubani?"

"Samahani, babu."

Akajipiga picha, tena na tena, akitabasamu kama mwenye ndege. Kisha chakula kikaja. Mzee akawekewa kuku wa kuokwa, viazi, saladi na kipande cha keki. Mhudumu wa ndege, kijana mrefu mwenye sauti ya upole, akamwekea Kidole uji mwepesi na maji ya moto.

"Na kuku, kaka?"

"Kuku kwa tumbo hilo? Karani ameniandikia kwamba unaumwa. Kunywa uji taratibu."

Kidole akanywa uji, macho yakiwa kwenye keki ya mzee. Mzee akala keki yake yote bila huruma.

Baadaye mhudumu akarudi na karatasi.

"Tumbo lilianza lini, mdogo wangu? Umetapika? Umeharisha?"

"Kwani maswali ya nini, kaka?"

"Utaratibu. Abiria akiumwa tumbo, namwarifu rubani. Tukitua, watu wa afya wanakuja kumpima yeye na mzazi wake kabla hawajatoka."

"Inachukua muda?"

"Inategemea. Wengine hukaa huko mpaka jioni."

Mpaka jioni. Mtihani ulikuwa alasiri, na wakaguzi hawamngoji mtu. Kidole akafungua mkanda wa kiti.

"Kaka, nataka kumwona mama kwanza."

"Nenda. Ukirudi tutajaza."

Akapita mapazia mawili akafika nyuma. Mama alikuwa amebanwa katikati ya safu. Upande mmoja alikaa bwana mnene aliyekuwa akikoroma, mkono wake umevuka mpaka kabisa. Upande wa pili alikaa mwanamke mwenye mtoto mchanga, na mtoto alikuwa akilia na kumpiga mama mateke ya mbavu. Mama hakuwa amelala. Kila kichwa kilipomwangukia kifuani, aligutuka. Viatu alikuwa amevivua, maana miguu imevimba. Mapajani alikuwa na kitabu cha mtihani, na kidole chake kilikuwa kikirudia mstari uleule, kinafika mwisho, kinarudi mwanzo.

"Tumbo vipi, mwanangu?" akauliza alipomwona. Macho yalikuwa mekundu. "Wamekupa kitu cha moto?"

Kama angemgombeza, ingekuwa rahisi zaidi.

"Mama, siumwi."

"Limepoa?"

"Halikuuma. Tangu mwanzo halikuuma. Nilitaka kukaa mbele, nipige picha nimwonyeshe Mapengo. Na sasa wanataka kutupima tukitua, na utachelewa mtihani wako."

Yote yakatoka kwa pumzi moja. Bwana mnene akaacha kukoroma. Mama alimtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Nimechoka mno, hata nguvu za kukukasirikia sina," akasema mwishowe. "Nenda kamwambie mhudumu ulichoniambia mimi. Mwenyewe. Mimi sisemi kwa niaba yako."

Kidole akaenda. Mhudumu alimsikiliza mpaka mwisho, karatasi mkononi.

"Huniambii hivi kwa kuogopa kupimwa tu?"

"Naogopa, kaka. Lakini ni kweli. Hata ule uji niliumaliza kwa njaa."

Mhudumu akakaza midomo ili asicheke. Akamuuliza maswali mengine mawili matatu, akamgusa paji la uso, kisha akaenda kuzungumza na mkuu wake. Aliporudi, karatasi hakuwa nayo.

"Hakuna mgonjwa. Na kiti ni cha pointi za mama yako. Mlete, na wewe ukakae alipokuwa yeye."

Mama alipita kwenda mbele, viatu mkononi. Kabla Kidole hajaondoka, kiti kilikuwa kimeshalazwa na mama ameshalala. Kidole akazifuta zile picha zote, akaenda nyuma. Safari iliyobaki alipigwa mateke na mtoto mchanga na kusukumwa na bwana mnene, akaona kila saa ni ndefu kuliko iliyopita.

Walitua jua likiwa bado kali. Hakuna aliyewangoja mlangoni. Walichukua teksi moja kwa moja hadi kwenye jengo la mtihani, na Kidole akakaa kwenye benchi la ukumbini kulinda mizigo. Fundi wa kwanza akatoka ameinamisha kichwa. Wa pili vilevile. Mama alitoka wa mwisho, mikono imejaa grisi, akakaa kama gunia lililoshushwa.

"Nimefaulu," akasema.

Kidole alitaka kurukaruka, lakini sura ya mama ikamzuia.

"Sikiliza. Walituwekea lifti yenye kasoro. Kwenye kamba ya chuma kulikuwa na nyuzi zilizokatika, nyembamba kama unywele. Wenzangu wawili hawakuziona. Mimi nisingelala, nisingeziona. Na lifti kama ile wanapanda watu, Kidole. Wazee, wajawazito, watoto."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini ujue ulichofanya. Kiti si kitu, kesho kitakaliwa na mwingine. Ulichochukua ni huruma yangu, ukaichukua kwa uongo. Siku nyingine ukitaka kitu changu, niombe. Nikikataa, nuna, lia, bamiza mlango. Hayo nayaweza. Ila usijitie ugonjwa. Siku utakayougua kweli, nataka nikukimbilie bila kusimama kujiuliza kama unanidanganya. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Mjomba alipofika kuwachukua, alimkuta dada yake amelala fofofo, kichwa kimemwegemea Kidole begani. Kidole aliweka kidole mdomoni kumwashiria mjomba anyamaze. Bega lilikuwa limekufa ganzi kitambo, lakini hakulisogeza.