Stempu ya Mwanamke Aliyezibwa Mdomo

Maji ya kwenye sahani yalikataa kupoa. Fundi Miwani aliyamimina asubuhi, vuguvugu, ili stempu zilizong'ang'ania vipande vya bahasha ziachie gundi. Sasa jua limesimama utosini na maji yana joto lile lile, joto la mate yaliyotoka mdomoni punde hivi. Mwenye akili zake angeyamwaga. Lakini huyu alikuwa mkusanyaji wa stempu, tena si stempu zote: za wanawake tu.

Malkia anao. Wauguzi anao. Wakimbiaji, marubani, wabeba mitungi, mabibi walioshika miganda ya ngano kwa sherehe za serikali zilizokwishakufa, wote kawapanga ndani ya albamu kama wanafunzi kwenye gwaride. Anawajua kwa mwaka, kwa rangi, hata kwa vijino vya ukingoni. Mkewe je, anavaa kiatu namba ngapi? Muulize uone anavyokodoa macho.

Na mkewe ndiye aliyemlisha, bure ghali! Kazi ya kukaza skrubu za miwani ya watu ilimpa chumvi tu, mboga ikatoka kwa mwanamke. Aliuza mitumba sokoni, na mtaji wake ulikuwa sauti. Akipaza, "Jamani njooni, nguo zinalia zinawataka wenyewe!" mtu aliyetumwa dawa ya mgonjwa hurudi nyumbani na suruali.

Adhuhuri hiyo, chini kabisa ya sahani, Fundi alikuta stempu asiyokumbuka kuitia. Haikuwa na jina la nchi wala bei. Ilikuwa na mwanamke wa shingo ndefu, anayetazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyeingia na viatu vyenye matope, na juu ya mdomo wake muhuri mweusi wa posta. Akaigeuza kwa kibano. Moyo ukamruka: imelowa tangu asubuhi na gundi yake bado nzima!

"Haipo nyingine duniani hii," akanong'ona. Kisha akasonya. "Ila posta gani ya wajinga? Uso wote wameuacha, wamekwenda kugonga mdomoni!"

Mkewe, aliyerudi kula, akainama kutazama. "Muhuri umegongwa mara tatu mahali pamoja, mume wangu. Mtu akikifunga kitu mara tatu, hataki kitoke. Usiiguse."

"Tangu lini muuza mitumba akajua stempu? Ungekuwa stempu wewe, hata bahasha ya deni isingekutaka."

Mke akabeba vyombo, akaenda zake jikoni.

Fundi akachovya pamba kwenye spiriti, akafuta taratibu, ulimi nje kama mbuzi. Wino ukatoka kama masizi. Chini yake midomo ilikuwa wazi kidogo, na chumba kikajaa harufu ya gundi iliyolambwa, na ndani ya harufu hiyo, nywele zinazoungua.

Jikoni sahani ikapasuka. Mkewe akatokea mlangoni ameshika uso. Alipoondoa mikono, muhuri ulikuwa umelala juu ya midomo yake, duara na mistari yake ya mawimbi, na midomo haikufunguka.

Ndipo mezani, ndani ya stempu, sauti ya mkewe, ile ile ya sokoni, ikapaa: "Jamani njooni! Njooni muone mwanamume anayeogopa wanawake mpaka awapate wa karatasi!"

Fundi akaifungia stempu ndani ya albamu, akaifunga albamu kwa kamba, akaitia ndani ya ndoo, akafunika ndoo kwa godoro, akakalia godoro, na bado sauti ikapanda katikati ya makalio yake ikimtangazia mtaa mzima kwamba anakula jasho la mke na kulala na lenzi ya kutazamia stempu, huku mke wa kweli akienda sokoni na kukaa kama gunia, wateja wakipita bila kugeuka, akinywa uji kwa mrija uliopenyezwa pembeni mwa mdomo, akikonda, na harufu ya nywele ikikaa ndani ya nguo, ndani ya maji ya kunywa, ndani ya usingizi.

Akaitwa mganga, bibi mmoja mfupi asiyependa salamu ndefu.

"Jini huyu umemfungua mwenyewe, utamfunga mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Mlambe mgongoni, mbandike kwenye karatasi hii, mimi niichome."

"Nilambe? Bibi, stempu ikilambwa thamani imekwisha!"

"Mkeo hana mdomo, wewe unalilia gundi?"

Fundi akageukia ukuta kama anayeona haya. Mjanja wa mwisho! Akaichomeka ile stempu mfukoni mwa shati, akachomoa muuguzi mmoja wa kawaida, aina aliyokuwa nayo tele, akamlamba.

Mfuko wa shati ukacheka.

Ulimi ukarudi ndani peke yake, midomo ikaukimbilia na kuufungia, na alipotaka kupiga kelele akasikia uchungu wa wino ukitambaa kutoka pembe hadi pembe, ukizunguka, ukikaza, mara moja, mara mbili, mara tatu, na nyuma yake pumzi ndefu ya mkewe ikitoka kama kitambaa kinachochanwa.

Mganga alikuwa ameshaanza kukusanya vitu vyake.

"Jini akishadanganywa hamsikii tena mganga," alimwambia mke. "Anamsikia mwenye nyumba tu, na kwa sasa mwenye nyumba ni mwenye mdomo. Mwambie atoke, mwanangu. Atatoka na muhuri wake, na mumeo atafunguka mdomo."

Fundi akaanguka magotini, "Mmm! Mmm!", machozi yakimchuruzika, akiuvuta upindo wa gauni la mkewe. Stempu ikadondoka kutoka mfukoni, ikatua sakafuni uso juu.

"Nitoke, dada?" iliuliza, kwa adabu.

Mke akajifuta mdomo. Akamtazama mumewe kutoka utosini hadi magotini, polepole. Kisha akavuta kiti cha mezani, akakikung'uta vumbi, akakiweka karibu na stempu.

"Una haraka gani, shoga?" alisema. "Kaa kwanza."