Maji ya Moto Ghalani

Sabuni za waridi zilianza kunuka nywele zilizoungua.

Vuai, Mpemba aliyekuwa msimamizi wa ghala la sabuni na vyakula huko Doha mwaka 2011, alijifanya hanusi. Jana yake madebe ya samli yalipasuka, mafuta yakaganda kwenye mtaro wa sakafuni, na wakaguzi walikuwa njiani. Kwa haraka akamimina humo birika zima la maji yanayochemka, bila kupiga bismillahi. Mtu aliyelelewa Wete, akaonywa tangu utotoni kwamba mitaroni wamo majini na watoto wao! Shetani humsahaulisha mja.

"Bosi, panya amekufia humu?" Silvesta, dereva wa foklifti kutoka Kisumu, alikuwa anapasua katoni. "Ama umevua viatu?"

"Fungua, wacha mzaha."

Kila kipande cha sabuni kilikuwa kimevikwa ngozi laini, yenye vinyweleo, nyevunyevu kama utando wa maziwa. Vuai akatapikia glavu zake. Silvesta akaanguka, macho yakageuka, na sauti ya mwanamke ikamtoka kooni.

"Nani kamuunguza mwanangu?"

Salim, mlinzi wa getini, akaja mbio akisoma Ayatul Kursi. Jini akang'ang'ania.

"Kaka Vuai," Salim alinong'ona, "huyu anataka jibu. Unamjua aliyefanya?"

Vuai akanyamaza, na kila alivyozidi kunyamaza malengelenge yalizidi kumpanda Silvesta mkononi, yakivimba, yakipasuka, yakitoa usaha wa njano unaonuka samli, yakafika shingoni, yakaanza kidevuni, naye Silvesta akawa analia kwa sauti yake mwenyewe chini ya ile ya mwanamke, "Bosi, nisaidie, naungua," mpaka haya mbele ya Mungu wake ikaishinda hofu.

"Ni mimi! Mwache, hana kosa. Mimi ndiye niliyemwaga!"

Kisha ile sauti, kwa upole wa mama: "Basi utamlea wewe."

Malengelenge yakanywea. Silvesta akakaa kitako, akaomba maji.

"Ametoka," alisema Salim, machozi yakimlengalenga. "Alhamdulillahi. Mshukuru Mungu, kaka."

Vuai alitaka kuitikia, lakini ndani ya shati lake kitu kibichi, cha moto, kisicho na ngozi, kilikuwa kinajiburuta kifuani taratibu, kikinusanusa, hata kikalipata titi, kikaanza kunyonya.