Kutembea Dk 10 x 3

Fundi anashona sare za shule. Kibanda chake kiko mbele ya nyumba yake, hatua sita tu kutoka mlangoni. Saa moja asubuhi anakaa kwenye cherehani. Saa kumi na mbili jioni anainuka. Chai analetewa hapo hapo. Chakula analetewa hapo hapo. Hata simu ikilia ndani, analetewa. Mkewe humtania kwamba siku moja atajikuta amejishona pamoja na kiti.

Mwaka huu Fundi alianza kuchoka ovyo. Kiu haikumwisha. Kila saa alikuwa chooni. Mkewe akamng'ang'ania mpaka akaenda kituo cha afya. Daktari akampima sukari kabla hajala kitu. Ilikuwa kumi na moja, wakati ya kawaida haizidi sita.

"Una kisukari, Fundi," daktari alisema. "Tutaanza na vidonge, pamoja na haya niliyoandika hapa chini. Rudi baada ya miezi mitatu. Sukari ikigoma kushuka, tutafikiria sindano."

Daktari alieleza na mengine, akionyesha kwenye karatasi. Lakini Fundi alikuwa ameshaganda kwenye neno sindano. Ndiyo, jamani, fundi cherehani anaogopa sindano! Ya nguo haimsumbui, hata ikimchoma kidole. Ya mwilini inamtoa jasho. Aliitikia "ndiyo, daktari" mara nyingi, na hakusikia kitu.

Kwenye duka la dawa alitoa karatasi yake. Ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa wa vidonge, akapewa na kuelezwa jinsi ya kuvimeza. Wa pili uliandikwa hivi: *Kutembea dk 10 x 3.*

"Na hii ya pili?" Fundi aliuliza. "Mbona hujanipa?"

Muuza dawa akacheka. "Hiyo hatuna, mzee. Wewe nenda katembee tu."

Fundi akatoka kichwa chini. Aliona kama amefukuzwa.

Nyumbani mkewe aliichukua karatasi, akaisoma kwa sauti. Kisha akamtazama mumewe kwa jicho la pembeni.

"Kutembea," alisema. "Kutembea na nani?"

"Mimi nitajuaje? Muulize aliyeandika."

"Na hii dk ni nini?"

"Dk si daktari?"

"Daktari kumi, mara tatu." Mkewe alihesabu kwa vidole, akashtuka. "Madaktari thelathini! Baba watoto, unaumwa nini hasa?"

Fundi akaketi. Yeye alidhani ana ugonjwa mmoja.

Kesho yake mkewe alikuja na wazo. "Nimeelewa," alisema. "Daktari ameona hutoki. Mwaka mzima hujafika kwa dada yako. Anataka uende kutembea kwa ndugu. Nyumba kumi, kila nyumba mara tatu. Ukichangamka, sukari itashuka."

"Na dk?"

"Hiyo ni saini yake."

Ikamwingia Fundi akilini. Usimcheke sana, msomaji. Wangapi wetu tumetoka kwa daktari na karatasi tusiyoielewa, tukaona aibu kurudi kuuliza?

Basi Fundi akaanza kutembea. Kila jioni alipanda pikipiki mpaka kwenye mlango wa ndugu. Alikaribishwa kwenye kochi. Chai ililetwa, sukari vijiko vitatu, na keki pembeni. Akikataa, mwenyeji ananuna. Kwa dada yake alikunywa soda mbili ili asimuudhi. Kwa shangazi mambo yalikuwa magumu zaidi. Shangazi alipomwona mara ya pili ndani ya wiki moja, aliangua kilio.

"Mwanangu, umekuja kuniaga?"

"Sijaja kuaga, shangazi. Natibiwa."

"Unatibiwa na mimi?"

Fundi akaimaliza chai, akaita pikipiki.

Mwezi ulipoisha, suruali zake zote zilikuwa zinambana. Asubuhi moja, Fundi akiwa bado hajala, alipita jirani yao, mhudumu wa afya wa mtaa. Watu humwita Mama Vipimo kwa sababu hatoki nyumbani bila mashine yake ya kupimia. Akamtoboa Fundi kidole. Fundi akafumba macho.

"Kumi na mbili," Mama Vipimo alisema. "Imepanda."

"Haiwezekani! Vidonge nameza. Na nimetembea mpaka nimechoka!"

"Umetembea wapi?"

"Kwa dada. Kwa shangazi. Kwa mjomba mara tatu."

"Kwa miguu?"

"Kwa pikipiki."

Mama Vipimo akamtazama Fundi, kisha mkewe. "Hebu nione hiyo karatasi."

Aliisoma, akajizuia kucheka, akashindwa. Halafu akaona macho ya Fundi yamelengwa na machozi. Kicheko kikamkatika.

"Nimefanya yote niliyoandikiwa," Fundi alisema. "Na bado nitachomwa sindano. Naogopa, mama. Sielewi nimekosea wapi."

"Inuka kwanza," Mama Vipimo alisema kwa upole. "Haya hayaelezwi mtu akiwa amekaa. Dk ni dakika. Dakika kumi, mara tatu kwa siku, kwa miguu yako mwenyewe. Ukishakula asubuhi, unatembea. Ukishakula mchana, unatembea. Jioni vilevile. Unafuata saa kama unavyofuata ya vidonge."

"Kwa hiyo kutembea ni dawa?" mkewe aliuliza.

"Ni sehemu ya matibabu. Misuli ikifanya kazi inatumia sukari iliyo kwenye damu. Mtu akikaa kutwa, sukari nyingi inabaki humo humo."

"Lakini miguu yangu inafanya kazi kutwa," Fundi alibisha. "Nakanyaga cherehani."

"Nyayo zinafanya kazi, Fundi. Mwenye nyayo amekaa!"

Mkewe akacheka, hata Fundi akatabasamu kidogo.

"Sasa nisikilizeni," Mama Vipimo aliendelea. "Usitembee kama anayesindikiza mgeni. Tembea kama uliyechelewa. Uweze kuongea, lakini usiweze kuimba. Vaa viatu visivyobana, na ukague nyayo zako kila siku. Ukiona hata kidonda kidogo, kionyeshe. Kifua kikibana, au ukitetemeka na kupata kizunguzungu, simama, omba msaada, upelekwe kituo cha afya. Vidonge usiache. Chai kunywa bila sukari, na anayetaka kununa anune."

"Na sindano?"

"Sindano si adhabu. Wako wanaoihitaji, na inawasaidia kuishi vizuri. Wewe bado hata hujajaribu ulichoandikiwa."

Siku hiyo hiyo, baada ya chakula cha mchana, Fundi alitoka. Mtaa mzima ulichanganyikiwa. Mshona viatu wa jirani alidhani Fundi ameangusha kitu, akainama kumsaidia kutafuta. Wengine waliuliza kama kuna msiba. Mkewe alikuwa nyuma yake. Alisema anamsindikiza asije akaanguka. Ukweli ni kwamba lile swali la kutembea na nani lilikuwa bado halijamtoka.

Wiki ya kwanza Fundi alifika kwenye kona akihema. Mkewe alimsubiri, mkono kiunoni. Wiki ya nne walipita kona bila kusimama. Kiu ikapungua. Suruali zikaanza kulegea. Kibandani, kila nusu saa, Fundi aliinuka na kuzunguka meza ya kukatia vitambaa.

Miezi mitatu ilipotimia tangu siku ile ya kwanza, walirudi kwa daktari. Sukari ilikuwa saba.

"Sindano hatuihitaji kwa sasa," daktari alisema. "Vidonge endelea navyo, na kutembea pia. Sasa utafanya dakika kumi na tano."

Fundi akamsimulia habari ya pikipiki na chai. Daktari alicheka, kisha akamwomba radhi. Kwenye karatasi mpya aliandika neno zima: dakika. Akamwomba Fundi amweleze kwa maneno yake atakachofanya. Fundi akaeleza bila kukosea.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Furaha ilimpa Fundi kasi. Alikata mtaa mmoja, akakata wa pili, bila kutazama nyuma.

"Baba watoto!" sauti iliita kwa mbali. "Usiniache!"

Fundi akageuka. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya njia, amejifunika uso kwa mikono. Fundi akarudi mbio mpaka alipokuwa.

"Kuna nini? Umeumia?"

"Miezi mitatu nakutania huku naogopa," mkewe alisema akilia. "Nilidhani utaniacha."

Fundi akamshika mkono.

"Siendi popote, mama watoto," alisema.

Wakaendelea pamoja, kwa mwendo wa mkewe.