Samaki wa Tatu

"Timu hii haiwezi kupata hasara kwa mkono wangu hata siku moja," Kaisa Ruona alitangaza asubuhi ya Jumamosi. Mkono wenyewe ulikuwa umeshika kijiko cha uji, nao ulikuwa ukipunga hewani kama mkono wa mwomba kura. "Wengine ni mashabiki wa msimu. Mimi ni shabiki wa damu."

"Shabiki wa damu," kaka yake Eino alisema bila kuinua kichwa, "umemwaga uji kwenye jezi yangu."

Ndivyo siku ilivyoanza, na laiti hasara ingeishia kwenye jezi.

Eino alikuwa nahodha wa timu ya magongo ya barafuni ya Chuo cha Calder, naye alikuwa katika mwaka wake wa mwisho chuoni. Kaisa alikuwa na miaka kumi na miwili. Mchana huo Calder ingecheza mechi ya kufunga msimu dhidi ya Chuo cha Ostrander, na katika mji wao, ukingoni mwa Ziwa Superior, hata mtoto aliyekuwa bado anatambaa alijua kukunja uso akisikia jina hilo.

Mwaka huo Ostrander walikuwa mkiani kabisa mwa ligi. Calder walikuwa kileleni.

"Tukitoka sare tu, kombe la ligi ni letu," Eino alisema, akisugua jezi kwa kitambaa. "Miaka kumi na tisa halijafika hapa. Sare tu, Kaisa. Sihitaji zaidi."

"Sare na Ostrander?" Kaisa aliuliza kama aliyeambiwa ale sabuni. "Kaka, afadhali tuwafunge Ostrander halafu tukose kombe, kuliko tubebe kombe huku tumetoka nao sare! Darasa zima linasema hivyo."

"Darasa zima halijaamka saa kumi na moja alfajiri tangu Oktoba kwenda mazoezini."

Kaisa akarudi kwenye uji wake, lakini moyoni alibaki na darasa lake.

Saa nane mchana alikuwa jukwaani, safu ya tatu, nyuma tu ya jirani yao, Mzee Toivo Salmela. Watoto wote walimwita Babu Toivo. Alikuwa mchimbaji shaba mstaafu, na kwa miaka thelathini na minane alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile. Kiti cha kushoto kwake hakikukaliwa na mtu. Kilikuwa na kibao kidogo cha shaba chenye jina Impi, jina la marehemu mkewe, na Babu Toivo alizoea kuweka kofia yake hapo.

Chini ya kiti chake palikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo mlikuwa na samaki. Walikuwa wale samaki wadogo wa ziwani, wembamba, urefu wa kalamu, ambao mtu wa pwani angewaona angesema ni dagaa waliopata malezi mazuri. Inasemekana zamani wanafunzi wa Ostrander walidai kwamba watu wa Calder wananuka samaki. Basi tangu hapo, kila Ostrander wanapoingia uwanjani, watu wa Calder huwarushia samaki ili wasije wakasahau harufu.

"Wawili wawili," Babu Toivo aliwaambia watoto, akigawa. "Na mwaka huu sikilizeni. Ligi imeandika barua. Filimbi ikishalia, samaki mmoja tu akionekana kwenye barafu, timu yetu inapunguziwa mchezaji dakika mbili. Kwa hiyo mkisikia filimbi, mikono mfukoni. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Babu!"

Kaisa alijibu kwa sauti kuliko wote. Kisha Babu Toivo alipogeuka kumpa mtoto mwingine, Kaisa aliingiza mkono kwenye ndoo akachukua wa tatu, akamsukumia ndani ya glavu yake. Hakuwa na mpango naye wowote. Alimtaka tu awepo.

Ostrander wakaingia, samaki wakanyesha, watu wakacheka, wafagiaji wakafagia barafu, filimbi ikalia. Mpaka hapo mambo yote yalikuwa sawa.

Zikabaki dakika nne, mabao mawili kwa mawili. Sare. Kombe lilikuwa limeshasogea mlangoni, linavua viatu. Hapo golikipa wa Ostrander, akingoja mchezo uanze tena, aligeukia jukwaa la watoto, akaziba pua kwa vidole viwili, akajipepea kwa mkono mwingine.

"Ananiambia mimi!" Kaisa alisema.

Alikuwa anawaambia watu mia tatu, lakini mwenye hasira haoni wenzake. Mkono ukaingia kwenye glavu, ukatoka na samaki, ukarusha.

Samaki hakumfikia golikipa. Alianguka katikati ya uwanja, akateleza polepole huku akizunguka, kama ana muda wote duniani, akasimama mbele ya viatu vya refa.

Filimbi.

Uwanja mzima ukaguna. Bi Hendershot, msimamizi wa uwanja, alikuja na walinzi wawili, na hawakuhitaji kuuliza njia. Walifuata ndoo.

"Mzee Salmela," alisema, "mara hii umezidi. Barua tulikusomea wewe mwenyewe!"

Babu Toivo aliitazama ndoo. Halafu aligeuka akamtazama Kaisa, si kwa ukali, alimtazama tu. Kaisa aliinua macho juu kwenye paa, akaanza kuhesabu taa. Alizihesabu moja moja, kwa bidii, midomo ikicheza, kama aliyetumwa na kampuni ya umeme.

"Haya," Babu Toivo alisema hatimaye. Alichukua kofia kwenye kiti cha Impi, akabeba ndoo yake, akaondoka huku watu wakimzomea ngazi hadi ngazi.

Calder wakacheza pungufu. Zikiwa zimebaki sekunde kumi adhabu iishe, Ostrander wakafunga. Tatu kwa mbili. Kombe likaenda kwa chuo kimoja cha kusini ambacho wachezaji wake walipata habari wakiwa ndani ya basi, wakila mkate.

Jumatatu shuleni, Wendell, mchekeshaji wa darasa, alipita kati ya madawati akiwa ameinama mgongo, amebeba ndoo ya takataka. "Mimi ndiye Mzee Dagaa," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nimeua kombe, nani anataka mkia?"

Darasa likacheka. Kaisa naye akacheka, ingawa kicheko chake kilitoka kikiwa kimekauka.

"Kaisa, si wewe ulikaa nyuma yake?" Wendell aliuliza. "Ulimwona akirusha?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Badala yake alisikia mdomo wake ukijibu, "Nilimwona."

"Alirushaje?"

"Kwa mkono wa kushoto," mdomo ukaendelea, maana uongo ukishapewa kiti huomba na chai.

Uongo huo ulizunguka mji mzima, na Jumatano jioni ulifika mezani kwao, ukaketi karibu na pai ya viazi.

"Nimesikia jambo la ajabu," Eino alisema. Tangu Jumamosi alikuwa akiongea kidogo sana. "Eti Babu Toivo alirusha kwa mkono wa kushoto. Mkono ule ulivunjika mgodini kabla sijazaliwa. Hawezi hata kuchania nywele."

"Watu wana maneno," mama yao alisema. "Kaisa, mbona huli?"

"Tumbo," Kaisa alisema, akaondoka mezani. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto.

Alhamisi darasa lao lilipelekwa uwanja wa barafu kujifunza kuteleza. Kaisa alikuwa akifunga viatu aliposikia mlio mdogo wa chuma. Safu ya pili, fundi wa uwanja alikuwa amepiga magoti na bisibisi mkononi. Alikuwa akifungua kibao cha Impi.

"Kwa nini unakitoa?" Kaisa aliuliza.

"Nimeagizwa na Bi Hendershot," fundi alijibu. "Mzee kapigwa marufuku maisha. Viti vyote viwili vinauzwa msimu ujao." Skrubu ya mwisho ikatoka. Palipokuwa na kibao pakabaki alama safi ya mstatili, na fundi akakitia kibao mfukoni pamoja na skrubu zake.

Siku hiyo Kaisa alianguka kwenye barafu mara tisa, na kila mara hakuona haja ya kuinuka haraka.

Alipofika nyumbani, Eino alikuwa gereji akibandua utepe kwenye gongo lake. Kaisa alisimama mlangoni.

"Kaka. Si Babu Toivo aliyerusha."

Eino aliendelea kubandua. "Nani, basi?"

"Mimi."

Utepe ukasimama. "Rudia."

"Mimi ndiye niliyerusha samaki. Na mimi ndiye niliyesema mkono wa kushoto."

Kaisa alitegemea kelele. Angezipokea kwa furaha. Lakini Eino aliketi juu ya kasha la vyombo, akaangalia mikono yake.

"Lile bao lilipita kati ya miguu yangu," alisema. "Tangu Jumamosi kila nikifumba macho naliona linapita. Nilikuwa najiambia nahodha gani huyu, hawezi kulinda dakika mbili." Akaukunja utepe kiganjani. "Zile dakika mbili hazikupaswa kuwepo."

Kaisa akaanza kulia.

"Utalia ukiwa njiani," Eino alisema, akinyanyuka. "Vaa koti."

Ofisini kwake uwanjani, Bi Hendershot alisikiliza hadithi yote akiwa amevua miwani. Kaisa alisema huku akitazama zulia, na kila alipofupisha, Eino alikohoa, naye Kaisa akalazimika kurefusha.

"Nami sikuuliza," Bi Hendershot alisema mwishowe. "Niliona ndoo, nikaridhika. Hilo ni langu, nitamwomba radhi mwenyewe." Akamgeukia Kaisa. "Lako ni hili. Mechi ya Ostrander mwakani hutaingia humu. Na Jumamosi hii, kabla ya mechi ya wasichana, utayasema haya haya kwenye kipaza sauti. Hapo tu ndipo mji utakapoacha kumzomea mzee wa watu."

"Mbele ya watu wote?"

"Yeye alizomewa mbele ya nani?"

Bi Hendershot alifungua droo ya meza, akatoa kibao cha shaba na skrubu nne, akaviweka kwenye kiganja chake. "Mpelekee. Mwambie kesho fundi atakirudisha mahali pake."

Babu Toivo aliwafungulia mlango akiwa na aproni. Jikoni mlinukia kahawa. Kaisa aliweka kibao mezani, akavuta pumzi.

"Babu, nisamehe. Ni mimi niliyerusha yule samaki, nikaacha uonekane ni wewe. Nikadanganya na shuleni. Nimeshamwambia Bi Hendershot." Mpaka hapo ilikuwa kweli tupu. Lakini aibu ilikuwa imemkaba, naye akatafuta pa kupumulia. "Ila sikukusudia, Babu. Nilimkuta sakafuni, halafu aliniteleza tu mkononi."

Eino alikohoa. Babu Toivo akamwinulia kidole anyamaze.

"Alikuteleza?" mzee aliuliza kwa upole. "Ajabu. Mimi nilikuwa nakitazama kile kioo kinachozunguka uwanja, na ndani ya kioo nikaona msichana akivua glavu, akafumba jicho moja, akalenga. Na kabla ya filimbi nilimwona msichana huyo huyo akiingiza mkono kwenye ndoo yangu mara ya tatu. Sikusema kitu. Nilidhani una njaa."

Uso wa Kaisa ulikuwa mwekundu kama taa ya goli.

"Kumbe uliniona! Sasa mbona hukusema?"

"Niligeuka nikakupa nafasi uanze wewe. Ukatazama paa." Akamimina kahawa, mkono wa kushoto ukiwa umening'inia ubavuni. "Nikasema, atakuja Jumapili. Nikatoa biskuti. Nikasema, basi Jumatatu. Leo ni Alhamisi, biskuti zimekuwa mawe."

"Nisamehe, Babu," Kaisa alisema tena, na safari hii hakuongeza neno.

"Nimekusamehe. Lakini kaa hapo unisikilize. Mimi nimewachukia Ostrander tangu kabla mama yako hajazaliwa. Ukiniuliza tulichukua kombe mwaka gani, nitakosea. Ukiniuliza tuliwafunga Ostrander mangapi mwaka gani, nitakutajia yote. Kwa hiyo sikulaumu kwa kuipenda mechi ile. Raha ya kuwafunga ni yetu sisi wa jukwaani. Lakini msimu ni wa hawa," akamwonyesha Eino, "walioamka alfajiri miezi mitano. Wewe ulichukua jasho lao ukalirusha barafuni ili moyo wako upoe. Hilo ni kosa la sekunde moja, na kila mtu ana sekunde yake mbaya. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kosa kubwa, maana hilo ulilifanya upya kila ulipoamka."

Kaisa alitikisa kichwa kukubali. Eino alichukua biskuti moja, akaiuma kwa shida, mlio ukasikika jikoni kote. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, alitabasamu.

Babu Toivo akafuta kibao cha Impi kwa pindo la aproni.

"Na zile taa," aliuliza bila kuinua macho, "zilikuwa ngapi?"

Kaisa aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa koti.

"Thelathini na sita."

"Ndiyo," mzee alisema. "Mimi pia nilizihesabu, nikikungoja."