Mafuta ya Mlango wa Pango

Kipaza sauti kilikuwa kinateleza. Phyllis akakifuta kwa leso, akakinusa, akakunja uso. Mafuta ya kondoo.

"Nani amekula nyama akashika hii?"

Wanakwaya wakatazamana. Nyama gani, na walikuwa wametoka kanisani moja kwa moja?

Phyllis ndiye aliyekuwa akitembeza wageni katika pango lile la juu ya Nyeri, walimojificha wapigania uhuru, na ambamo siku hizi kwaya huimba chini ya ardhi kwa kuwa mwamba huifanya sauti iwe tamu ajabu. Jumapili hiyo mwanawe Anita ndiye aliyekuwa aimbe peke yake. Na jana yake Phyllis alikuwa amefanya jambo aliloliona la maana sana. Mlangoni palikuwa na jiwe ambalo ukoo wa Gicheru ulikuwa ukilipaka mafuta ya kondoo tangu enzi za babu zao. Yalikuwa yameganda meusi, yananuka, yamejaa nzi, hata wageni wakiingia huziba pua. Basi mama wa watu, mlokole asiyetaka kusikia mambo ya mizimu, akachemsha maji, akachukua sabuni na brashi, akalisugua jiwe mpaka likang'aa. Hakumwuliza mtu. Amwulize nani, na Yesu yuko?

Anita akaanza kuimba. Ubeti wa kwanza ulitoka vizuri mpaka watu wakasisimka. Kwenye wa pili, kitu kikadondoka toka juu, to, juu ya kipara cha mgeni mmoja. Akagusa, vidole vikanata. Likaja tone lingine, na lingine, kuta zikaanza kutoka jasho zito la manjano lililotambaa polepole likinuka kama supu iliyolala wiki nzima, likaingia kwenye nywele na kola za watu, wakapiga mayowe na kukanyagana kuelekea mlangoni, na Anita, badala ya kukimbia kama wenzake, akainua uso, akapanua kinywa, akawa anayapokea yale matone na kumeza, na kumeza, huku wimbo ukiendelea kusikika ingawa kinywa chake kimejaa.

Nyumbani kwao Karatina akakataa chakula. Alitapika kwenye beseni mapande meupe ya mafuta baridi, yenye manyoya ndani, kisha akayainamia ayale tena.

"Anita, wacha! Ngai, Mungu wangu!"

"Mama, niko na njaa."

Mchungaji wao aliitwa, akaomba mpaka sauti ikamkauka, akaenda zake. Mtoto akazidi kukonda, mbavu nje, na midomo inang'aa. Phyllis akaona wazi kwamba atamzika mwanawe. Ndipo akameza aibu yake akaenda kwa Gicheru, mzee wa ule ukoo, mchinjaji mwenye hasira za karibu.

"Ati uliosha?"

"Ilikuwa chafu, Mzee."

"Chafu! Hiyo mafuta ilikuwa ya kufunga, mama Anita. Sisi hupaka ndio ile kitu ya ndani isitoke."

"Basi tuchinje kondoo."

"Kondoo ya nini? Hiyo kitu imeshaingia kwa mtoto. Utapaka hiyo anatapika. Na mkono yako, si brashi. Na ikikuita kutoka ndani, usiitike."

Kesho yake mchana wakapanda na gari mpaka pangoni. Anita akabaki kwenye kiti cha nyuma, amefungwa shuka. Phyllis akatumbukiza mkono kwenye beseni la matapishi walilokuja nalo. Yaliteleza katikati ya vidole, ya baridi, manyoya yakimkwama kwenye kucha. Matapishi yake mwenyewe yakampanda, akayameza, akapaka. Kila alipopaka, kupumua kwa Anita ndani ya gari kulizidi kutulia. Akapata moyo.

"Mama."

Sauti ilitoka pangoni. Ya Anita, safi, ya mtoto anayelia.

"Mama, usinifungie huku. Niko hapa tangu Jumapili. Hiyo iko kwa gari si mimi." Kisha ikaanza kuimba ule ubeti wa pili, ikikatika kwa kwikwi.

Mkono wa Phyllis ukasimama hewani.

"Inajua wimbo, Mzee," akanong'ona.

"Inajua kila kitu! Paka!"

Akapaka. Alilia huku akipaka, machozi na kamasi, mpaka jiwe lote likafunikwa. Ile sauti ikakatika katikati ya neno.

Mlango wa gari ukafunguka. Anita akashuka kwa miguu yake mwenyewe, mashavu yamejaa.

"Mama, nimepona."

Phyllis akamwangukia kifuani akimshukuru Mungu kwa sauti. Gicheru akavua kofia, akacheka kwa mara ya kwanza. Anita akaushika mkono wa mama yake taratibu, akaupeleka mdomoni, akaanza kulamba vidole, kimoja kimoja, amefumba macho, akifyonza mpaka chini ya kucha.

Phyllis akauvuta mkono wake.

"Imba kidogo, mwanangu," akamsihi. "Ule wimbo wa Jumapili. Imba tu kidogo."

Anita akainua uso, akatabasamu.

"Wimbo gani?"